Mtungi Ulioinamishwa

Kwanza tulisikia maji.

Ukumbi ulikuwa giza. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa mablanketi ya bweni, na kijana aliyekuwa akitoa zoezi lake alikuwa ameomba taa zizimwe kabla hajaanza. Tulikaa tukisubiri kuona kitu. Badala yake, nyuma ya pazia, tone likaanguka ndani ya chombo kitupu. Likafuata lingine. Halafu mtiririko mwembamba, halafu mnene. Mwanzoni sauti ilikuwa nzito na pana, kama ya mtu anayezungumza ndani ya nyumba ambayo vyombo vyake vimehamishwa. Ikaanza kupanda. Ikapanda tena, ikazidi kuwa nyembamba, na nikahisi darasa zima likijiinua vitini pamoja nayo.

"Imejaa!" msichana mmoja akapiga kelele gizani. "Funga, inamwagika!"

Maji yakakoma papo hapo.

Taa zilipowashwa, jukwaa lilikuwa tupu. Kijana akatoka nyuma ya pazia akijifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Ni hayo tu, mwalimu," akarudi kuketi. Hakuna aliyekuwa ameuona mtungi, na hakuna ambaye hakuuona. Ule wa plastiki, wa manjano, unaokaa mlangoni mwa kila nyumba ya Ukambani. Nilibaki nimesimama na kalamu mkononi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikijaribu kueleza kwa maneno jambo moja, maana ya maono ya mwelekezi, na yeye alikuwa ameliweka masikioni mwetu bila kufungua mdomo.

Nilikuwa nimeajiriwa kwa muhula mmoja katika chuo hicho cha Machakos kufundisha uelekezi wa tamthilia. Nilikuwa nimechapisha riwaya yangu ya kwanza, na mtu fulani akaamini kwamba anayejua kuandika watu atajua pia kufundisha namna ya kuwasimamisha jukwaani. Kwa ajili ya darasa niliandika mchezo mfupi: mama anarudi kutoka kuchota maji, anakuta mwanawe wa pekee ameuza shamba la familia. Mama anamlaani. Katika sehemu ya mwisho mwana anarudi peke yake kuutazama uwanja ambao si wao tena. Kazi ya kila mwanafunzi ilikuwa moja: aniambie angeuonyeshaje mchezo huo, na kwa nini hivyo na si vingine.

Mara ya kwanza walileta michoro. Niliipanga juu ya meza nikashtuka. Wote walikuwa wamechora kitu kimoja: nyumba ya nyasi, kigoda, kibuyu, na mwanamke aliyejifunga leso kifuani.

"Nani hapa nyumba yao ni ya nyasi?" niliuliza.

Wakatazamana, wakaanza kucheka.

"Yenu ni ya nini?"

"Ya mabati, mwalimu."

"Sasa hizi nyasi mmezitoa wapi?"

"Kwa mashindano," alijibu kijana mrefu wa Syokimau, ambaye hakuwahi kukaa kitini bila kukiegemeza nyuma kwa miguu miwili. "Tangu primari, mwalimu. Majaji wanapenda nyasi. Ukiweka mabati unarudi nyumbani mapema."

Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimetishika. Walikuwa wameigiza tangu utotoni, wakapiga mayowe pamoja na kugeuka pamoja, wakabeba vikombe vya ushindi, na hakuna siku waliyoulizwa wao wenyewe wanaona nini. Niliwaambia maono ya mwelekezi hayahusu mapambo. Ni kujua kitu kimoja ambacho usipokionyesha, mchezo wako hauna sababu ya kuwepo. Wakaandika. Waliandika kila kitu nilichosema, na hilo nalo lilinitisha.

Ndipo wiki iliyofuata yule kijana wa gizani, mkimya wa darasa, akaja na maji.

Alitoka kwenye familia ya wakulima ng'ambo ya Tala. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko wenzake, kwa sababu alikuwa ameanza kusomea uuguzi kwingine, akauacha katikati, akajiunga nasi bila kumwambia mama yake mpaka alipokuwa ameshakubaliwa. Hayo niliyasikia kwanza kwa wenzake, kwa njia ya utani.

"Huyo, mwalimu, ni mtoto wa kiumo," kijana wa Syokimau aliniambia, na wale wa karibu wakacheka kwa sauti ya chini, wakitazama pembeni. Kiumo ni laana ya mzazi. Hata wanaokwenda kanisani kila Jumapili huitaja wakiwa wamepunguza sauti, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Yeye mwenyewe aliniambia siku moja tukitembea kuelekea langoni.

"Nimemwalika mama siku ya maonyesho."

"Atakuja?"

"Sijui. Hajawahi kunijibu tangu niache uuguzi. Nikituma ujumbe, naona tu ameusoma." Akapiga kijiwe teke. "Alisema mchezo si kazi. Baada ya hapo hakusema kitu kingine."

"Unataka aone nini akija?"

Alikipiga kile kijiwe tena na tena mpaka tukafika langoni.

"Nataka tu akae mpaka mwisho."

Darasa lilichagua maono yake yawe ndiyo yatakayofanyiwa kazi. Tukagawana nafasi. Kijana wa Syokimau akawa mwana. Mama akawa yule msichana aliyepiga kelele gizani, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Mazoezi yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye laana. Msichana akafunga karatasi zake, akaziweka sakafuni.

"Mimi haya maneno siyasemi."

"Umeyasahau?"

"Nimeyashika yote, mwalimu. Lakini siyasemi. Nilimsomea mama kwa simu, akaniambia nisithubutu kumwambia mtoto wa mtu. Hata kama ni mchezo. Mdomo haujui ni mchezo."

"Wacha uoga," alisema kijana wa Syokimau. "Si ni mimi ndiye nalaaniwa? Na sijalia."

"Wewe utalia lini? Huko kwenu karibu na stesheni kiumo kitafika na nini, na treni?"

Darasa likapasuka kwa kicheko, lakini hakuna aliyejitolea kuchukua nafasi yake. Niliuliza mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na koo baya. Mwingine alikuwa ameokoka mwezi huo huo. Nikatazama karatasi zilizokuwa sakafuni. Maneno yale niliyaandika asubuhi moja nikinywa chai, nikayasoma kwa sauti nyumbani kwangu Mumbuni, nikajisifu. Sasa vijana wazima walikuwa wamesimama mbali nazo kana kwamba zingewauma.

"Basi nitayabadilisha," nilisema. "Nitayapunguza makali."

"Usiyapunguze." Alikuwa ni mwelekezi wetu, kutoka viti vya nyuma. "Yatoe, mwalimu."

"Yote?"

"Yote. Mama hatasema kitu."

"Atafanya nini?"

"Atamwaga maji."

Hakuna aliyecheka. Ulikuwa msimu wa ukame, mabomba ya chuo yalikuwa yakitoa maji yanapotaka, na bwenini watu walikuwa wakioga kwa kikombe.

"Maji ya ukweli?" aliuliza kijana wa Syokimau, na safari hii kiti chake kilikuwa kimetulia kwa miguu yote minne.

"Ya ukweli. Ametoka asubuhi kuyatafuta. Watu watakuwa wamesikia mtungi ukijaa, kila mmoja atakuwa amejua uko mzito namna gani. Halafu aumwage mbele ya mtoto wake, wote, bila neno. Mtu wa hapa hahitaji kuelezewa."

Nikamuuliza wazo hilo amelitoa wapi. Alisema amefikiria tu, na akatazama mlangoni.

Mlango ule ulikuwa wa chuma. Muhula mzima ulikuwa ukijibamiza kila mtu alipotoka, na kila mara tulikuwa tukiruka vitini.

Tulifanya mazoezi na mtungi mtupu. Si kwamba tuliamua hivyo. Hakuna aliyekuwa tayari kumwaga lita ishirini za maji kwa ajili ya mazoezi, na mimi sikuwa na uso wa kuwaomba. Msichana aliinamisha plastiki tupu, sisi tukahesabu kimyakimya mpaka "maji" yalipokwisha, tukaendelea. Kwa hiyo siku ilipofika hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona jambo lenyewe.

Wazazi walikuja mchana, wengine wakiwa na nguo za kanisani. Mama yake aliingia nyuma ya wote. Alikuwa mwanamke mdogo mwenye kitambaa kichwani na sweta ya bluu, akakaa kwenye kiti cha mwisho na kupakata mkoba kwa mikono miwili, jinsi watu wanavyokaa hospitalini wakisubiri kuitwa. Mwanawe alimchungulia kupitia ufa wa pazia.

"Amekaa karibu na mlango," aliniambia.

"Hapo kuna hewa."

"Si hewa, mwalimu."

Taa zikazimwa. Maji yakaanza kutiririka gizani, nikasikia wazazi wakifanya kile kile tulichofanya sisi: minong'ono, kicheko kidogo, halafu mzee mmoja akasema kwa sauti, "Funga bomba!" Ukumbi ukacheka. Taa zilipowaka, jukwaani palikuwa na bati moja limeegemezwa na kigogo cha kukalia. Hapakuwa na unyasi hata mmoja. Kijana wa Syokimau alicheza vizuri kuliko nilivyotarajia. Alizunguka uwanja akizungumza na mnunuzi kwenye simu, akijigamba, akipima shamba kwa macho, na watu walicheka kwa sababu kila mmoja alikuwa akimfahamu kijana wa namna hiyo.

Halafu mama akaingia, mtungi mgongoni, mkanda ukiwa umepita kwenye paji la uso wake. Akautua polepole. Ulikuwa mzito kweli, na magoti yake yalitetemeka kweli. Mwana akamwambia. Alisema haraka haraka, akatazama viatu vyake.

Msichana akamtazama muda mrefu. Akafungua kifuniko. Akauinamisha mtungi.

Nilijua litakalotokea. Nilikuwa nimelisoma na kulifanyia mazoezi, na bado mkono wangu ukaenda mdomoni. Maji yalitoka kwa mikoromo, kama kitu kinachosongwa. Yakapiga mbao, yakasambaa, yakazunguka viatu vya mwana, yakaanza kushuka kutoka jukwaani kuelekea mstari wa mbele yakiwa yamebeba vumbi. Ukumbi ukatoa sauti moja ambayo sijaisikia tena. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama watu wengi waliokanyagwa kidole kwa pamoja. Mwanamke mmoja alisema, "Yesu!" Mzee wa bomba aliinua miguu yake. Msichana hakuacha. Aliubana mtungi kwa goti, akauinamisha zaidi.

Nyuma kabisa, kiti kikakwaruza sakafu.

Mama mwenye sweta ya bluu alikuwa amesimama. Nilitazama pembeni, pale mwanawe alipojificha, nikaona uso wake ukiishiwa damu. Alikuwa na hakika, kama mimi, kwamba mlango wa chuma ungejibamiza sasa hivi.

Lakini mama hakugeukia mlango. Alikuja mbele. Alipita katikati ya viti na mkoba wake mkononi, akapanda ngazi za jukwaa, akaingiza mkono chini ya mtungi, akausimamisha. Maji yakakoma. Msichana alirudi nyuma hatua moja. Watu kadhaa walianza kupiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo, kisha wakaacha.

Mama alikuwa ameushika mpini wa mtungi. Palikuwa pamefungwa kipande cha kitambaa chekundu. Nilikuwa nimekiona kila siku nikadhani ni pambo.

"Huu mtungi ni wangu," alisema.

Ukumbi ukacheka. Alimgeukia msichana wa kwaya.

"Na nimegombana na jirani juu yake. Nimemwita mwizi mbele ya watu wa kanisa."

"Pole, mama," msichana alisema, naye hakujua kama alikuwa bado anaigiza.

"Yuko wapi?"

Hakuhitaji kusema nani. Kijana akatoka nyuma ya pazia, akasimama ndani ya maji.

"Mwaitu," alisema, mama yangu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo.

"Ulikuja nyumbani ukachukua mtungi. Ukashindwa hata kunisubiri nitoke sokoni?"

Alikitazama kile kitambaa chekundu.

"Na umewaonyesha watu ile siku."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani darasa langu lote lilielewa pamoja nami, maana nilisikia kijana wa Syokimau akisema "Haiya" kwa sauti ya kupumua. Hakuwa amefikiria tu. Ile siku aliyomwambia mama yake kwamba ameacha uuguzi, mama alikuwa ametoka mtoni, na alikuwa amefungua kifuniko, akamwaga maji yote miguuni pake bila kuongeza neno. Muhula mzima nilikuwa nimesifu maono ya kijana huyu, nikiwaambia wengine waangalie jinsi alivyoipata picha yake. Alikuwa ameitoa miguuni pake mwenyewe.

"Sasa hawa watu wote," mama alisema, akiuonyesha ukumbi kwa mkoba, "wanafikiri nilikulaani?"

"Wao hawajui kitu, mama. Mimi ndiye niliyefikiri."

"Wewe?"

"Ndiyo."

"Tangu ile siku?"

"Tangu ile siku."

Sijawahi kuona mtu akishtuka hivyo jukwaani, wala nje ya jukwaa. Mdomo wake ulibaki wazi. Aliitazama mikono yake, upande wa juu na viganja, kama mtu anayetafuta doa aliloambiwa analo. Akakaa kwenye kigogo chetu.

"Aiyai," alisema. "Mtoto wangu. Nilikuwa na hasira. Mtu akikasirika si anamwaga kitu? Kama nilikuwa na sahani ningevunja sahani!"

Kicheko kikaanza mahali fulani, kikafa.

"Nikitaka kukulaani si ningefungua mdomo? Kwani mimi ni bubu?"

"Lakini hukunijibu. Nimekutumia ujumbe, hukunijibu."

"Ujumbe! Nimekuzaa nikujibu kwa kidole?" Sauti yake ilivunjika hapo. "Nilikuwa nasubiri uje. Nikasema, huyu sasa anaona aibu na mimi, ameenda kwa wasomi."

Kijana alichuchumaa ndani ya maji ili nyuso zao zilingane. Mama akavua kitambaa chake cha kichwani, akampangusa uso kwa nguvu, jinsi mtoto anavyopanguswa kabla ya kwenda shule, naye akakubali, mbele ya ukumbi mzima.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kurasa za mchezo wangu kifuani. Tulikuwa tumejenga kila kitu, giza, sauti, bati, ule ukimya mrefu, juu ya laana ambayo haikuwahi kutokea, na ilikuwa imewapata watu wote ukumbini isipokuwa mmoja. Mama peke yake alikuwa ameuona mtungi tu.

Aliinuka. Akautikisa.

"Nusu imebaki," alisema, akafunga kifuniko. Akaitazama sakafu yetu iliyolowa, akatikisa kichwa, na kwa muda nilijihisi mimi ndiye niliyeyamwaga. "Jumamosi uje unichotee. Tangi iko tupu. Na uje mapema, foleni ya kisima si ya mchezo."

"Nitakuja."

"Kwa jirani pia utaenda wewe. Uombe msamaha kwa niaba yangu."

"Nitaenda, mama."

Akashuka ngazi na mtungi wake. Watu walikunja miguu kumpisha. Alipofika katikati, mwanawe akamwita.

"Mama, bado kuna sehemu moja. Hukai?"

Alisimama bila kugeuka kabisa, bega moja likiwa chini kwa uzito.

"Ng'ombe hajakamuliwa, na gari za Tala zinajaa mapema. Yangu nimeona." Kisha akamtazama. "Wewe maliza kazi yako. Watu wamekaa."

Sijui kama wengine walilisikia lile neno moja, kazi. Mwanawe alilisikia. Alinyooka polepole, maji yakimdondoka kwenye magoti, akaturudia sisi, akamwonyesha kijana wa Syokimau kwa kidole mahali pa kuanzia.

Nyuma ya ukumbi, mama aliutoa mtungi nje kwanza. Halafu akarudi, akaushika mlango wa chuma kwa mikono yote miwili ili usijibamize, na akaufunga nyuma yake taratibu, mpaka tukasikia komeo tu.